Makucha au Ukingo

Jumanne, 10 Juni 2025

Jiwe la kaka limefika, tanzanaiti. Mtoto wa kaka kalileta mwenyewe kutoka Arusha, kwenye kikopo cha dawa kilichojaa pamba, na karatasi zake zote. Karati 12 na ushee. Dirishani ni bluu tupu. Nikaligeuza kidogo, zambarau. Usiku huu chini ya taa lina wekundu kwa mbali, kama lina kitu linachokificha. Nimeshindwa kulirudisha kikoponi.

Wifi kasema kwenye simu, "Fanya pete, wifi. Usiliuze na usilifungie sandukuni." Basi pete. Lakini jiwe kubwa namna hii, mtu unalivaaje?

Jumamosi, 14 Juni

Mjini kwa sonara, na kijana wa kaka. Fundi kalitazama kwa kile kioo chake cha jichoni, kimya kirefu. Halafu, "Mama, hili kidoleni litakusumbua. Nikutengenezee kidani."

Sitaki kidani. Kidani wanakiona wengine. Pete nitaiona mimi, nikiandika ubaoni, nikimega ugali.

Akachora pete mbili nyuma ya stakabadhi. Ya kwanza ina makucha manne, jiwe limekaa juu kabisa, mwanga unaingia kila upande. Ya pili, dhahabu imezunguka kiuno chote cha jiwe, ukingo mzima bila nafasi. Ya kwanza nzuri mno. Moyo ulienda pale pale. Ya pili imetulia, imejifunga.

Kijana hakusema kitu mbele ya fundi. Njiani ndipo akaniambia, "Shangazi, tanzanaiti si almasi."

Jumatatu, 16 Juni

Baridi kali, tumekaa jikoni mpaka usiku. Kijana kanifundisha kuliko nilivyotegemea. Ugumu wake ni 6 na nusu hivi kwenye kipimo cha Mohs, ambako almasi ni 10. Na kwatzi, hizi punje zinazong'aa kwenye mchanga, ni 7. Na vumbi letu la kiangazi limejaa hizo punje! Maana yake hata kulifuta jiwe kavu kavu kwa kanga ni kulichubua. Lioshwe kwanza, ndipo lifutwe.

Tena lina upande wake wa kupasukia. Likigongwa vibaya kwenye upande huo linaachana vipande viwili, laini, kama limekatwa.

Lililonikaa zaidi ni la moto. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini Mererani zikiwa za kahawia. Bluu hii huletwa na moto, nyuzi 500 na zaidi, ukipandishwa polepole na kushushwa polepole. Sasa jiwe lililopewa rangi na moto linauogopa moto wa sonara, kwa sababu ule unakuja ghafla, upande mmoja. Kwa hiyo kazi yote ya kuunganisha dhahabu imalizike kwanza. Jiwe liingie mwisho, pete imepoa. Nikawaza wazee wetu na malungu yao, zile tanuri za kuyeyushia chuma, jinsi walivyoulea moto. Wangelielewa hili bila kuelezwa.

Anaondoka kesho alfajiri na basi. Nimechoka. Nimemfungia maharage mapya.

Jumapili, 22 Juni

Sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Maandamano marefu, upepo, vumbi mpaka kwenye kope. Nimeimba kwa nguvu zote.

Na bado nataka makucha. Nasema ukweli wangu hapa. Kaka alikaa Mererani miaka mingi, alikuwepo kabla ya ule ukuta uliozungushwa kwenye migodi 2018, akashuka mashimoni na wanaapolo, wachimbaji wenzake, akapanda mikono mitupu mara nyingi. Mwaka 2020 mchimbaji Laizer alipouza yale mawe mawili ya tanzanaiti, la kilo 9 na la kilo 5, kaka alinipigia simu anacheka kwa furaha kana kwamba ni yake. Jiwe lake hili moja, nilizibe kwa dhahabu? Watu waone nusu?

Jumatano, 25 Juni

Leo nimekaa na mkono wangu tu, nautazama unavyokwenda. Asubuhi kitasa. Ukingo wa ndoo bombani. Dawati, tena dawati. Jioni kupukuchua mahindi (hapo pete nitavua, hilo halina mjadala). Na sweta! Sweta ndiyo mavazi ya Sumbawanga mwezi huu, kuvaa na kuvua kutwa. Uzi mmoja ukinasa kwenye kucha, kucha inainuka kidogo kidogo, siku moja jiwe limedondoka kwenye nyasi na hujui ni wapi.

Halafu makucha yanabana sehemu nne tu. Ukigonga, kishindo chote kinakwenda hapo. Ukingo unakigawa kuzunguka.

Nimempigia wifi. Akanyamaza, akauliza, "Utalivaa kila siku?" Nikamwambia kila siku. "Basi lifunge."

Nimelia kidogo. Ukingo.

Ijumaa, 27 Juni

Kwa fundi. Nimekwenda na maneno yangu yameandikwa. Dhahabu ya karati 18, ikunjike taratibu juu ya jiwe bila kulazimishwa. Chini pawe wazi, mwanga uingie kwa nyuma, ila pana vijiti viwili vya kulinda kitako. Jiwe likae chini kadiri inavyowezekana lakini ncha isiguse ngozi. Ukingo upande kidogo tu juu ya kiuno. Uso wa jiwe utabaki wazi, huo hakuna dhahabu ya kuulinda, ni mimi na mkono wangu.

Akaniambia pete ikichafuka nimpelekee, anayo mashine ya kuoshea kwa mtetemo. Nimekataa. Mtetemo unaweza kulipasua. Maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki laini, basi. Hakukasirika. Kaongeza hilo kwenye karatasi yake na kupigia mstari.

Alhamisi, 3 Julai

Kipimo cha kidole. Asubuhi na hii baridi kidole kimesinyaa, pete ya kupimia inacheza. Saa nane mchana, jua limewaka, ile ile imegoma kwenye kifundo. Fundi anataka jibu moja, na ana haki, maana kupanua pete baadaye ni moto tena, na kabla ya moto jiwe litolewe, ukingo ufunguliwe, ukunjwe upya. Kila kufungua ni hatari.

Nimechagua kipimo cha mchana. Asubuhi ikilegea nitaivaa kidole cha kati. Hela ya kuanzia nimemwachia. Jiwe nimerudi nalo nyumbani mpaka dhahabu iwe tayari.