Mtoto Aliyeachwa Mpitimbi

Ukiiacha barabara ya Mbinga pale Likuyufusi ukakata kushoto, unashika njia ya kusini inayokwenda hadi Mkenda, kwenye mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Mpitimbi iko upande huo. Nilifika mwezi wa Julai, baridi ya Songea imekolea, watu hawavui makoti hadi saa nne asubuhi, na kila uwanja umeanikwa mahindi. Mahindi kwenye maturubai, mahindi kwenye magunia yaliyopangwa barazani, mahindi juu ya lori lililopaki mbele ya duka la pembejeo. Vijana wa bodaboda wanabishana juu ya bei ya kilo, na kama ni heri kumuuzia mlanguzi leo au kungoja Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania. Mvua zake hazina mchezo, na udongo wake unajibu.

Nayataja mahindi kwanza kwa sababu nilikwenda Mpitimbi kuulizia njaa.

Mama mzazi wa babu yangu alikuzwa hapa, katika nyumba isiyo ya kwao. Alifika akiwa mtoto mdogo, akakulia hapa, akaolewa hapa, akazikwa hapa. Hayo tuliyajua hata sisi tuliozaliwa Tanga, ambako babu alikwenda manamba kukata mkonge na hakurudi tena. Tulichokuwa hatukijua ni sababu. Tulipouliza, tuliambiwa alitekwa. Nani alimteka? Hapo wazee wetu waligawanyika: wengine walisema Wangoni wa zamani katika vita vyao, wengine wakataja misafara ya watumwa ya Kilwa, na wengine walibadili mazungumzo.

Dhana hizo mbili si za kutupwa. Wangoni waliovuka Zambezi mwaka 1835 nyuma ya Zwangendaba walizidi kuongezeka kadiri walivyosonga kaskazini, maana walichukua watu wa kila nchi waliyoipita. Ndiyo maana hadi leo Songea utawakuta akina Moyo, Soko na Tembo, koo zilizojiunga na msafara huko Zambezi, wakiishi ujirani na akina Gama na Tawete waliotoka kusini zaidi. Mtoto aliyetekwa Undendeule au Umatengo aliingizwa katika nyumba ya aliyemteka, akalishwa, akafundishwa vita, na wajukuu zake wakawa Wangoni wasio na swali. Upande mwingine palikuwa na Kikole, kwa mfanyabiashara Rashid bin Masoud, ambako pembe za ndovu na watumwa walianza safari ndefu ya pwani.

Lakini miaka inakataa. Babu alikuwa kifungua mimba, na alizaliwa mara baada ya vita vya kwanza vya dunia, watu wakiwa bado wanakufa kwa ile homa ya mafua iliyofuata vita. Basi mama yake hawezi kuwa alizaliwa mbali sana na mwaka 1900. Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897, na wakawapiga marufuku watawala wa Kingoni kuvamia na kuteka. Mtoto wa mwaka 1900 alizaliwa mikuki ya uvamizi imekwisha kutundikwa. Yaliyompata yaliletwa na kitu kingine.

Nyumba iliyomlea bado ipo, kwa maana ya ukoo. Mkubwa wake sasa ni mama mzee sana ambaye mimi ni wa kumwita bibi. Baba yake na mama wa babu yangu walikula chungu kimoja tangu utotoni. Nilimkuta ameketi juani, miguu ameinyoosha, ungo wa maharage ya mbegu mapajani. Kidole gumba chake kilipita juu ya kila punje. Iliyotobolewa na wadudu aliitupia kuku, nzima aliisukuma upande wa pili wa ungo. Hakuacha kazi hiyo muda wote tuliozungumza.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni wa nani?”

Nikamtajia babu.

“Wa yule aliyekwenda mkonge. Karibu, hapa ni kwenu. Mmekula nini huko siku zote hizo?”

Nilipofika kwenye swali langu, alinikatiza kabla sijalimaliza. “Alitekwa? Nani kasema alitekwa? Yule aliachwa. Mama yake alipita hapa ametoka kaskazini, ana watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja wa kushikwa mkono. Huyu wa mkono miguu ilikuwa imevimba, hawezi tena kwenda. Babu yangu alikuwa na ulezi ameuficha porini. Akampa kidogo. Yule mama akasema, nishikieni huyu, mimi navuka Ruvuma, nikirudi nitamchukua.”

“Akarudi?”

“Wangapi walirudi?”

Nikamuuliza habari hizi alizipata kwa nani. Akasema kwa mtoto mwenyewe, baada ya yeye kuwa mzee. Sura ya mama alikuwa ameisahau, jina la kijiji pia. Alichokumbuka ni kwamba ule ulezi haukusagwa wala kupikwa. Waliutafuna mkavu wamesimama, na mama alimpa mdogo kwanza.

Miguu iliyovimba ni ya mwaka 1906. Moto wa Majimaji, vita ya kuwapinga Wajerumani, ulifika Ungoni baada ya Agosti 1905. Septemba misheni ya Wabenediktini pale Peramiho ilichomwa. Kabla mwaka haujaisha kikosi cha Meja Johannes kilikuwa kimeingia Songea na bunduki zake. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Kingoni walinyongwa, akiwamo Mputa Gama, wakafukiwa katika shimo moja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Orodha yao unaweza kuisoma hata barabarani: wamo Fratera Fusi Gama na Kohongo Magagura Mbano, na leo tunapanda gari kwenda Likuyufusi na Magagura.

Vitabu vingi vya shule huishia kwenye kamba. Mauaji makubwa yalianza baada ya hapo. Gavana von Götzen na maofisa wake walikuwa wameamua kwamba risasi peke yake haitoshi, hivyo vijiji vilichomwa, maghala yakatwaliwa, mashamba yakaharibiwa. Pale Songea, aliyesimamia kazi hiyo ni Kapteni Richter. Mmisionari alipomweleza kwamba watu watakufa njaa, jibu lake lilikuwa kwamba na wafe. Kama angeweza, angewazuia hata kupanda. Mwanamume aliyesalimika msituni hakuwa na mbegu. Mwanamke aliyebaki kijijini alikuwa katika hatari ya kuchukuliwa na askari au ruga-ruga. Hesabu ya Wajerumani wenyewe kwa eneo zima la vita ilifika watu 75,000. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuja kukadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakuguswa na risasi.

Kwa nini yule mama alishika njia ya kusini? Ng'ambo ya Ruvuma ilikuwa nchi ya Wareno, na bendera ya Ujerumani haikufika huko. Chabruma, mtawala wa Wangoni wa Mshope aliyekataa kusalimu amri, alikimbilia huko huko na akauawa huko. Mpitimbi ilikuwa njiani. Miaka sitini baadaye watu walipita njia hizi kinyume, Wamsumbiji wakikimbia vita ya FRELIMO na Wareno, na Tanzania ikawapokea Muhukuru, kusini mwa hapa. Wazee wa Mpitimbi walipowaona akina mama wale na mizigo yao kichwani, nina hakika wapo waliojua wanachokiona.

Peramiho nilikwenda baadaye, kwa sababu ya kitabu cha ubatizo. Padre aliyenifungulia alinitaka ninawe mikono kwanza, akafunika meza kwa kitambaa. Wino umegeuka kahawia. Kila mstari una jina la anayebatizwa, la baba, la mama, la msimamizi. Kwa mama wa babu, aliyebatizwa akiwa mtu mzima, kalamu imepiga mstari mmoja ulionyooka unaokata safu ya baba na safu ya mama kwa pamoja, bila kuinuliwa. Nilitazama kurasa zilizotangulia na zilizofuata. Mistari kama hiyo ni mingi. Mwandishi alikuwa ameizoea, unaona mkono wake unavyokwenda haraka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kwetu Tanga tuliambiwa alitekwa. Mtoto aliyetekwa hana wa kulaumiwa nyumbani kwake. Lawama iko kwa adui. Mtoto aliyeachwa, watu humwuliza mama yake alikuwa mama wa namna gani. Mama wa babu alimkinga mama yake asiulizwe hivyo. Wageni wa mbali, wakwe na majirani, aliwaambia alitekwa, na ukweli akaubakiza kwa watu wa nyumba iliyomlea, walioushuhudia.

Mimi sioni aibu ya kuficha. Yule mama alikuwa na watoto wawili na nguvu za kubeba mmoja. Alitafuta mlango wenye chakula, akamwacha asiyeweza tena kwenda, akaendelea na wa mgongoni. Uamuzi ule ndio uliotuzaa sisi sote, wa Mpitimbi na wa Tanga. Aliyewatenganisha ana cheo na jina katika kumbukumbu za serikali ya Kijerumani. Nchi hii si ya kukosa mvua wala udongo. Nimeiona mwenyewe ikiwa imejaa magunia hadi watu wanakosa pa kukanyaga. Njaa ile ilitengenezwa kwa amri.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama kwenye makaburi ya Mahenge pale Songea, akaomba msamaha, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano unaodai kurudishiwa fuvu la babu yao. Lilikuwa jambo la haki na lilichelewa sana. Lakini walioombwa msamaha mbele ya kamera ni ukoo wenye jina. Watoto walioachwa njiani mwaka 1906 na 1907 hawana kaburi la pamoja wala ubao. Leo mtoto akipotezana na wazazi katika vita, Msalaba Mwekundu humwandikisha jina, humpiga picha, humtafutia ndugu hata nchi ya tatu. Wale wa Ungoni waliandikishwa kwa mstari wa kalamu.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipowatuma wanafunzi kukusanya habari za Majimaji, walioiona vita kwa macho bado walikuwa hai. Sasa hayupo hata mmoja. Waliobaki ni kama yule bibi wa maharage, waliosikia kwa mdomo wa walioona, na umri wao tunaujua.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Makumbusho ya Majimaji iweke daftari, na kila tarehe 27 Februari, watu wanapokusanyika Mahenge, yeyote mwenye habari ya mtoto aliyelelewa nyumba ya watu baada ya vita aiandikishe: jina, kijiji alikokuzwa, njia aliyopitia, nani alisimulia. Na wewe msomaji, kama kwenu yupo mzee wa Songea, Namtumbo, Mbinga au popote vita ile ilipopita, mwulize mama wa bibi yake alilelewa na nani, na kwa nini. Mwulize mwaka huu, na uandike anavyosema.