AMEJENGA STESHENI NZIMA CHUMBANI, ILA TRENI HAKUIWEKA

Kuna wanaume hela zao zinaishia kwenye magari, wengine kwenye mpira. Jamaa mmoja wa Dublin, fundi wa mabasi aliyestaafu, hela na muda wake vinaishia kwenye meza moja ndefu iliyojaza chumba cha wageni. Anajenga reli ndogo: stesheni, madaraja, nyumba, watu, kila kitu kimepunguzwa mara 76. Mkisema ni midoli ya watoto hakasiriki, anacheka tu.

Ugonjwa huu aliupatia kazini. Karakana aliyofanyia kazi miaka yote iko Broadstone, pale ilipokuwa stesheni kuu ya reli iliyokuwa ikielekea magharibi mwa Ireland. Jengo lilichorwa na John Skipton Mulvany katika karne ya 19, kuta nzito za mawe ya kijivu, ukilitazama unakumbuka mahekalu ya Misri. Treni za abiria ziliacha kufika pale mwaka 1937, mabasi yakarithi. Jamaa alikuwa anakula chakula chake cha mchana akilitazama jengo hilo, akijiuliza: hivi kampuni iliyojenga mlango mkubwa namna hii, treni zake zilikuwa zinaishia wapi?

Njia mojawapo iliishia Achill, kaunti ya Mayo, ukingoni kabisa mwa Atlantiki. Na kumbe mke wake asili yake ni hukohuko. Basi akaamua kuijenga njia hiyo.

Sasa hapo ndipo utajua kwamba hii hobi si mchezo. Reli ya Ireland ni pana, milimita 1,600 kati ya chuma na chuma, wakati Uingereza wanatumia 1,435, kipimo kilekile cha SGR. Reli ndogo zinazouzwa madukani kwa skeli hiyo zina upana wa milimita 16.5. Ukiweka treni ya Ireland juu yake, inaonekana kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mwanawe. Kipimo cha haki ni milimita 21. Tofauti ni milimita nne na nusu, nani ataiona? Yeye anaiona. Kwa hiyo reli yake hanunui, anaunga mwenyewe, taruma moja baada ya nyingine.

Halafu kuna lile daraja la Newport, matao saba ya mawe mekundu, ambalo mpaka leo limesimama. Anapaka udongo mwembamba juu ya plastiki, anausubiri ukauke, kisha anachora jiwe mojamoja kwa ncha ya sindano. Rangi nayo ni kazi nyingine, maana ukiyapaka mawe yote rangi moja, ukuta unakuwa kama boksi la viatu. Daraja peke yake lilimla miezi minane.

Alipofika kwenye stesheni yenyewe ya Achill, akaipamba. Jua la kiangazi, watalii na masanduku yao, bibi mmoja na mbwa, treni inapuliza moshi wa pamba. Akamwita mke wake aje kuona.

Mama akatazama kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Pazuri. Ila hapa si kwetu."

Ili umwelewe, ujue historia ya ile reli. Juni 1894 mashua iliyojaa vijana wa Achill ilipinduka karibu na bandari ya Westport. Walikuwa wanaenda kupanda meli ya Scotland, kwenye vibarua vya kuvuna. Walikufa watu 32. Reli ilikuwa bado haijafunguliwa rasmi, na treni ya kwanza kufika Achill ndiyo iliyowarudisha nyumbani wakiwa maiti. Septemba 1937, vijana wengine kumi wa hukohuko, mdogo wao akiwa na miaka 13, walikuwa Kirkintilloch, Scotland, kwenye vibarua vya viazi. Banda walilolala likashika moto usiku, wakafa wote kumi. Miili ikavushwa bahari, ikapandishwa treni mpaka Achill. Majuma machache baadaye reli ikafungwa. Wazee wa kule wanasimulia kwamba mtabiri wa zamani alishasema: treni ya kwanza itabeba maiti, na ya mwisho pia.

Mama mzazi wa yule mke alikuwa na miaka tisa siku ile ya 1937. Alikuwepo pale stesheni, kashikwa mkono na baba yake.

Jamaa akauliza, "Kwa hiyo unataka niweke majeneza?"

"Thubutu! Majeneza ya plastiki? Watu waje wayapige picha?"

Nyumba ikanuna wiki nzima. Akiweka watalii, anaambiwa anadanganya. Akiweka majeneza, anageuza msiba wa watu kuwa kichekesho cha mezani. Kila mtu alikuwa na haki yake, na ndiyo maana hapakuwa na wa kushinda.

Mwishowe jamaa alirudi mezani bila kusema kitu. Akang'oa watalii wote. Akatengeneza wanakijiji, kila mmoja urefu wa milimita 23, wanaume kwa wanawake, wamejaa mpaka ukingoni. Wanaume aliwakata kofia vichwani akawagandishia mkononi, kila kofia kama punje ya mtama. Mbele kabisa akamweka mtoto wa kike kashikwa mkono. Treni akaiondoa. Reli ikabaki tupu, na watu wote wametazama upande mmoja, kule inakotokea.

Mke wake alipoingia hakusema kitu. Alimsogeza yule mtoto kidogo kwa kidole, akamsimamisha karibu zaidi na baba yake, akatoka.

Siku hizi njia ile ni ya baiskeli na watembea kwa miguu, kutoka Westport hadi Achill, na watalii ni wengi kwelikweli. Wageni wakija nyumbani kwa jamaa, swali lao la kwanza ni moja: mbona treni haipo? Jamaa anamwachia mama ajibu. Naye anajibu, "Inakuja."