Mapendo ni mzigo, tena ni furaha

Wako watu wanaodhani kwamba mapendo ni kucheka tu. Wengine, walioumizwa nayo, wanasema ni mzigo mtupu. Waitalia huyataja yote mawili pamoja, nami nimejifunza jambo hilo katika nyimbo zao na sinema zao.

Tuanze na opera ya Giuseppe Verdi, La traviata. Opera ni mchezo unaoimbwa. Hii ilichezwa mara ya kwanza mjini Venezia mwaka 1853. Violetta ni mwanamke wa anasa wa Paris, tena mgonjwa wa kifua kikuu. Kijana Alfredo anampenda kweli, naye anaacha anasa zake akae naye. Halafu baba wa kijana anakuja kumwomba amwache mwanawe, maana kwa aibu hiyo binti yake hataolewa. Violetta analia, lakini anakubali. Alfredo hajui sababu. Anamtukana na kumtupia feza mbele ya watu. Yeye anaificha siri ile. Kweli inapojulikana, Alfredo anarudi kuomba radhi, na Violetta anakufa karibu naye. Kila nikiisikiliza, kinachonigusa zaidi ni siri ile aliyoichukua peke yake.

Sasa tutazame sinema ya Federico Fellini, La strada, ya mwaka 1954. Zampanò, mtu wa nguvu anayekata mnyororo kwa kifua chake, anampata Gelsomina kwa kumlipa mama yake lire 10,000, amsaidie katika michezo yake ya njiani. Anampiga na kumdharau. Gelsomina aweza kwenda zake, lakini anabaki: akiondoka yeye, nani atakaa na mtu huyu? Zampanò anaua mtu, na Gelsomina anaugua akili kwa huzuni. Basi anamwacha amelala kando ya njia. Miaka inapita. Siku moja anasikia mwanamke akiimba wimbo ule ambao Gelsomina aliupiga kwa tarumbeta. Anauliza, anaambiwa amekwisha kufa. Usiku ule anaanguka pwani, analia juu ya mchanga.

Wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Violetta alichukua wake, akafa anapendwa. Zampanò aliutupa njiani, kumbe furaha yake ilikuwa imefungwa ndani yake. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kusema kwamba mtu fulani anakulemea, tazama vizuri unachotaka kutua.