Kadi ya Griffey: Ipige Tochi Kabla Hujalipia Gredi

Wasee, tuanze na pesa ndio mnielewe. Agosti 2022, kadi moja ya besiboli, Mickey Mantle wa Topps ya 1952, iliuzwa dola milioni 12.6. Mwenyewe aliinunua 1991 kwa dola 50,000. Tangu binamu yangu aione hiyo habari, kwetu hakulaliki.

Sababu ni anko wetu anayeishi Tacoma. Alikuja Desemba na kadi moja, akatuachia sisi wawili: Ken Griffey Jr., Upper Deck, 1989, kadi namba 1. Kwa sisi tuliokulia Arsenal na Man U hilo jina halisemi kitu, lakini kule Seattle huyo jamaa ni kama mtakatifu. Alipiga homurani 630, na 2016 akaingia kwenye jumba la magwiji kwa asilimia 99.3 ya kura. Kitu kilichonifurahisha zaidi ni kofia. Alipopigwa hiyo picha hakuwa amefika ligi kuu, alikuwa amevaa kofia ya timu ndogo ya San Bernardino, na Upper Deck wakaipaka rangi ikawa ya Mariners. Kwa hivyo msidhani kupiga picha rangi kulianza na simu zenu.

Sasa, anko anarudi Jumapili. Binamu anataka abebe kadi, aitume kwa PSA kule California. Hao ndio hukagua kadi, wakahakikisha si feki, wakaipa gredi ya 1 hadi 10, halafu wakaifungia kwenye plastiki ngumu. Binamu ana karo ya semista haijakamilika, na kichwani mwake hiyo 10 ishalipa.

Mimi nasema tusitume.

Tatizo la kwanza ni kwamba hii kadi si adimu. PSA peke yake imezipitisha kama laki moja. Zilizopata 10 ni kama 4 tu kwa kila 100. Hiyo 10 inapita dola 1,000 kwa urahisi, ndio maana watu wanaota. Lakini 9 inauzwa kama sehemu moja ya kumi ya hiyo, na 8 manze, ukitoa ada ya gredi unabaki palepale ulipoanzia. Ada yenyewe ni karibu dola 30, kama shilingi 4,000 hivi, kabla hujaongeza posta ya kwenda na kurudi na bima. Kwa hivyo swali si kama Griffey ni mkali. Swali ni kama hii yetu ikipata 8 tutakuwa tumepata au tumepoteza.

Na hapo ndipo unazima taa, unawasha tochi ya simu, unainamisha kadi polepole. Wanaangalia vitu vinne: pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Katikati iko sawa. Uso uko safi, hauna mkwaruzo nilioona. Ile hologramu ndogo ya nyuma iko, hilo linanipa imani si feki. Lakini pembe ya chini kushoto imelegea. Si kubwa, bila tochi huioni. Wao wataiona, hiyo ndiyo kazi wanalipwa.

Binamu anasema, "Lakini si unaweza kubahatika?" Unaweza, kwa sababu ni binadamu wanaokagua. Kadi ya kwanza kabisa ambayo PSA waliipa gredi, ile ya Honus Wagner, ilipewa 8. 2013 Bill Mastro, muuzaji mkubwa wa hizi vitu, akakiri kortini kwamba aliikata kingo kabla ya kuiuza. Kwa hivyo ndiyo, jicho lao hukosea. Ila mimi siwezi kuweka karo ya mtu kwenye makosa ya jicho la mtu mwingine.

Kama ingekuwa kadi ya zamani sana, au aina inayoigwa ovyo, ningelipa hata kama najua itapata 4, maana hapo unalipia uhakika kwamba ni halisi. Na kama tungekuwa tunaiweka kama kumbukumbu ya anko, gredi haina maana kabisa. Lakini sisi tunauza, na tunauza sasa. Anko akiiuza hivyo ilivyo, tunapata kidogo, lakini kinafika kabla semista haijaanza.

Binamu hajakubali. Ameniambia sina imani, kwamba hata Mantle kuna mtu alimuuza mapema akajuta. Nikamwambia sawa, itume, lakini ada na posta zitoke kwenye nusu yako.

Akanyamaza. Halafu akaniomba tochi.