Kula peke yetu mjini Donostia

Kwetu mwanamke akiingia nganda peke yake na kuketi, watu wanauliza kwanza anamngoja nani. Ndiyo sababu mama anayetoka Uvira kwenda Bukavu kutafuta bidhaa anakula ndizi ndani ya gari, hata akiwa na pesa ya sahani nzima.

Swali hilo tulilibeba mpaka Donostia, mji wa Wabaski kando ya bahari, ambao Wahispania wanauita San Sebastián. Toka Hendaye, upande wa Ufaransa, treni ndogo inafika huko kwa muda usiotimiza saa moja. Mji wa zamani una njia nyembamba, na baa zimefuatana mlango kwa mlango.

Tuliingia mmoja. Hakuna aliyeuliza tuko wangapi. Chakula kimepangwa juu ya kaunta: vipande vya mkate vyenye samaki, mayai na viazi, ao jibini ya kondoo, vingi vimeshikwa kwa kijiti. Wanaviita pintxo, tamka "pincho", kwa ajili ya kile kijiti chenye ncha. Tonge mbili tatu, kimekwisha. Vya moto vinaandikwa ubaoni, unaagiza jikoni.

Tulianza na kile kinachoitwa Gilda: zeituni, samaki mdogo wa chumvi na pilipili ya kijani iliyolala ndani ya siki. Jina lilitoka katika filamu ya mwaka 1946 aliyocheza Rita Hayworth. Wanasema ni kikali. Mama wa Kivu atacheka.

Wenyeji hawakai. Wanakula kimoja ao viwili, glasi ndogo ya divai, wanalipa, wanaenda baa ya pili. Kwa sababu kila mtu anaingia na kutoka, aliye peke yake haonekani kama aliyeachwa. Bugali na sombe vinakuja katika sahani moja ya watu wengi. Ukiikalia peke yako, nafasi za wengine zinaonekana. Pintxo ni ya mtu mmoja tangu jikoni. Karibu nasi bibi mwenye mvi alikuwa anakula yake, mkoba juu ya kaunta, bila kumtazama mtu.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Wabaski hao hao wana vyama vya kupika, txoko, ambamo wanaume wanapikiana wenyewe. Kwa miaka mingi mwanamke hakuruhusiwa kuingia, ao aliingia kama mgeni bila kugusa sufuria. Siku hizi vingine vimefungua mlango, vingine bado. Wanaume kupika, hilo tungelichukua kwa furaha. Kutufungia jiko, hapana.

Mama atakayefika huko aingie saa moja ya jioni, mbele ya watu kujaa. Asitupe vijiti vyake: kuna baa wanavihesabu wakati wa kulipa.