Jenerali aliyetaka azikwe bila jeneza

Francis Ogolla alijiunga na jeshi la Kenya mwaka 1984, akafunzwa kurusha ndege za kivita, akapanda hadi Kamanda wa Jeshi la Anga, na mwaka 2023 Mkuu wa Majeshi. Nishani zilijaa kifuani. Aprili 18, 2024 helikopta aliyopanda ilianguka, akafa na wanajeshi wengine tisa.

Familia haikuhitaji kukisia. Baba alikwisha kusema: azikwe ndani ya saa 72, bila jeneza. Mtu mkubwa, tena Mjaluo wa Siaya! Hata huku Rubwera, wazee wangeomba ndugu walio mbali wasubiriwe kwanza. Wanawe wakasimamia neno lake. Jumapili, Aprili 21, akazikwa kwao Alego, bila jeneza.