Moto wa Julai Hutayarishwa Januari

Katika nyanda za Kinangop, baina ya milima ya Nyandarua na Bonde la Ufa, baridi si hadithi. Nchi hiyo imeinuka zaidi ya futi 8,000 juu ya bahari. Mwezi wa Julai ukungu hushuka alfajiri ukakawia mashambani, na usiku mwingine jalidi huanguka ikaunguza majani ya viazi. Kwa sababu hiyo walowezi waliokaa huko zamani walijenga nyumba za mawe, zenye meko ukutani na dohani ya kutolea moshi. Mpango wa kugawa eka milioni moja ulipoanza mwaka 1962, baadhi ya nyumba hizo ziliingia mikononi mwa wakulima Waafrika pamoja na mashamba yake. Wengi walikabidhiwa funguo, lakini habari za dohani hawakuelezwa.

Mkulima mmoja wa huko alirithi nyumba ya namna hiyo kutoka kwa baba yake. Yeye si mvivu. Ng'ombe wake huogeshwa kwa zamu, na daftari la maziwa huandikwa kila jioni. Lakini dohani aliihesabu kuwa sehemu ya ukuta tu. Miezi tisa ya mwaka aliisahau kabisa, na baridi ilipoingia aliwasha moto, akavuta kiti, akaota.

Mwaka mmoja, katikati ya Julai, moto ulikataa. Moshi, badala ya kupanda, ulirudi chumbani ukatanda mpaka taa haikuonekana vizuri. Mama watoto akajifuta macho akasema, "Baba watoto, moto huu watutoa machozi bila msiba." Mkulima akauzima. Watoto walikuwa wakitetemeka, basi akaleta jiko la makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, akaliweka katika chumba walicholala, akafunga dirisha ili joto lisipotee. Hapakuwa na moshi wala harufu, naye akalala akiamini kwamba ametenda jambo la busara.

Usiku wa manane mama yao aliamka kichwa kikimwuma. Akaenda kuwatazama watoto, akamkuta mdogo ametapika, na mkubwa akiitwa haitiki ila kwa kuguna. Alipiga ukelele. Wakafungua milango na madirisha, wakawabeba watoto nje, kwenye baridi ile ile waliyokuwa wakiikimbia. Jirani akatoa gari lake, wakafika hospitali kabla ya mapambazuko. Watoto wakapewa hewa safi ya oksijeni, na kwa bahati njema wakapona.

Daktari alimweleza baba yao kwa upole. Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu ikashika nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala hupoteza fahamu bila kupata onyo. Makaa yasiyotoa moshi si salama hata kidogo ndani ya chumba kilichofungwa.

Njiani wakirudi nyumbani, mkulima hakusema neno. Jambo moja lilimchoma moyoni. Jiko la makaa liliingia chumbani kwa sababu meko yalikuwa hayafai, na meko yalikuwa hayafai kwa sababu yeye mwenyewe aliyapuuza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye nusura ajenge kaburi.

Siku ya tatu alimwendea mzee mmoja, fundi wa mawe tangu ujana wake. Mzee alikuja na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Akakishika ndani ya meko, akakielekeza juu, akamwita mwenye nyumba. "Kijana wangu, tazama humu. Mbingu iko wapi?" Mkulima akatazama, akaona giza tupu. Dohani iliyonyoka na iliyo wazi huonyesha mwanga wa mbingu katika kioo. Hii ilikuwa imezibwa na masega ya nyuki, na chini ya masega masizi yamegandamana kama lami. Mfuga nyuki aliitwa akawahamisha jioni katika mzinga. Ndipo mzee alipomfundisha mkulima kazi za dohani kwa kufuata majira ya mwaka.

Januari na Februari, jua likiwa kali, ni miezi ya kuni. Miwati na mikaratusi ipasuliwe, ipangwe juu ya magogo isiguse ardhi, ifunikwe juu kwa mabati na kuachwa wazi ubavuni upepo upite. Kuni za mwezi huu ziwe za mwaka ujao, ikiwezekana, maana kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake yenyewe. Moshi wake huwa baridi na mzito, hushika kuta za dohani, ukageuka kuwa utomvu mweusi unaoweza kushika moto. Kuni kavu hujulikana: ni nyepesi, ncha zake zina nyufa, na zikigonganishwa hulia kwa sauti kali.

Kabla ya mvua za masika, yaani mwezi wa Machi, mwenye nyumba apande darini. Atazame saruji baina ya mawe ya dohani, na mabati yanayozunguka mahali inapotokeza paa, kwa kuwa maji ya mvua huingia hapo yakabomoa polepole. Kilele cha dohani kiwe juu ya paa kwa futi tatu au zaidi, tena kipite kwa futi mbili kitu chochote kilicho karibu nacho kwa futi kumi, upepo usije ukausukuma moshi chini. Juu yake pawekwe kofia ya kuzuia mvua, na wavu wa chuma wa kuzuia ndege na nyuki.

Mwezi wa Mei, kabla ya baridi, dohani isafishwe. Mdomo wa meko huzibwa kwa gunia bichi, kisha brashi ngumu ya waya hupitishwa toka juu hadi chini mara nyingi. Masizi yakifika unene wa moja ya nane ya inchi, hakuna ruhusa ya kungoja. Anayesafisha afunge pua na mdomo, akaoge mara amalizapo. Mwaka 1775 daktari Mwingereza Percivall Pott alieleza kwamba masizi yaliwaletea saratani wasafishaji wa dohani, ambao wengi wao walianza kazi hiyo wakiwa watoto wadogo. Kazi hii si ya mtoto.

Juni mpaka Agosti ni wakati wa kuota moto. Dohani iliyopoa hupashwa kwanza kwa karatasi inayowaka, ili hewa ianze kupanda. Dirisha liachwe wazi kidogo, kwani moto usiopata hewa hurudisha moshi ndani. Ikisikika ngurumo ndani ya dohani kama upepo mkali, masizi yameshika moto: watu wote watoke nje kwanza na msaada uitwe. Maji yasimwagwe ndani ya dohani, maana mawe yenye moto hupasuka.

Wahenga walisema moto huzaa jivu, wakimcheka mzazi hodari aliyepata mtoto dhaifu. Lakini jivu nalo lina kazi. Liwekwe ndani ya debe lenye kifuniko, nje ya nyumba, kwa kuwa kaa huweza kuishi ndani yake siku kadhaa. Likipoa hufaa kunyunyizwa kidogo katika shamba la kabichi. Viazi visipewe, kwani jivu huongeza ukoko wa maganda. Chai nayo hupenda udongo wenye uchachu, ambao jivu huupunguza.

Julai iliyofuata, moto uliwaka katika nyumba ile na moshi ukapanda moja kwa moja. Jiko la makaa lilibaki kibarazani, na halikuingia tena chumba cha kulala. Kabla ya moto wa kwanza kuwashwa, mkulima alimwita mtoto wake mkubwa, akampa kioo kile kidogo, akamwuliza swali la mzee. Mtoto akainama, akatazama, akajibu, "Naiona, baba." Ndipo kibiriti kilipowashwa.

Kila mwenye nyumba ya dohani na achukue kioo atazame, kabla baridi haijamwuliza.